Kwa nini mshindo wa ngoma hukata kona ilhali mwanga hushindwa

KATIKA mtaa wa Mukuru kwa Reuben, eneobunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, nyumba zimesongamana kiasi kwamba vichochoro vingi havizidi upana wa hatua moja au mbili. Kuta ni za mabati, mapaa ni ya mabati, na baina ya ukuta na paa aghalabu husalia upenyo wa kupitisha hewa.

Muziki unapopigwa usiku katika ukumbi ulio vichochoro viwili au vitatu kutoka chumba cha mkazi, maneno ya mwimbaji hayamfikii vyema. Kinachomfikia ni mshindo mzito wa besi, ambao hutikisa hata vyombo vilivyoangikwa ukutani. Taa za ukumbi huohuo, hata ziwe kali namna gani, haziangazi kitanda chake.

Sauti na mwanga vyote viwili ni mawimbi. Hata hivyo, kimoja hukata kona na kingine hakikati. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha elimu ambayo wanafizikia huiita difraksheni, yaani tabia ya mawimbi ya kusambaa yanapopita katika pengo au ukingoni mwa kizuizi.

Elimu hii hufundishwa katika somo la Fizikia la Kidato cha Tatu chini ya mfumo wa 8-4-4, na wanafunzi wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaisahau. Lakini ndani yake mna majibu ya maswali mazito ya maisha ya mjini: kwa nini ukuta hauzuii kelele, redio ya jamii humfikiaje mtu aliye nyuma ya nyumba mia, na kwa nini simu hupoteza mtandao chumbani lakini ikaupata mlangoni.

MAANA YAKE

Difraksheni ni hali ya wimbi, liwe la maji, la sauti, la redio au la mwanga, kutanuka na kupinda baada ya kupita katika uwazi au kando ya kizuizi, hata likafika mahali ambapo lisingefika iwapo lingefuata mstari ulionyooka.

Hali hii isichanganywe na mambo mengine mawili. La kwanza ni kuakisiwa, ambapo wimbi hugonga ukuta likarudi, kama ilivyo kwa mwangwi au sura katika kioo. La pili ni kuvunjika kwa wimbi, ambapo wimbi hubadili mwelekeo kwa kutoka katika kitu kimoja na kuingia katika kingine, kama kijiti kinachoonekana kimepinda kinapotumbukizwa majini.

Difraksheni haihitaji ukuta wa kurudisha wimbi wala haihitaji wimbi kuhama kutoka hewani kwenda majini. Hutokea hewani humohumo au majini humohumo, mradi pawepo na ukingo.

Kipimo kinachoamua yote ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Urefu huo hupatikana kwa kugawanya kasi ya wimbi kwa marudio yake, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hertz.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kukumbuka. Iwapo pengo ni kubwa mno likilinganishwa na urefu wa wimbi, wimbi hupita karibu moja kwa moja na kuacha kivuli pande zote mbili. Iwapo pengo linakaribiana na urefu wa wimbi au ni dogo kuliko huo, wimbi hutanda kila upande kana kwamba limeanzia hapo pengoni.

JARIBIO LA KARAI

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho hahitaji maabara. Karai pana au sinia lenye maji ya kina cha sentimita moja hivi, rula na vipande viwili vya mbao vinatosha.

Vipande hivyo husimamishwa majini kwa mstari mmoja, huku kukiachwa mwanya katikati. Upande mmoja wa karai, rula hutumbukizwa na kuinuliwa polepole kwa mwendo usiobadilika ili itoe viwimbi vilivyonyooka.

Mwanya ukiwa mpana, viwimbi hupita vikiwa vingali vimenyooka, ila mikia yake hupinda kidogo. Vipande vikisogezwa hadi mwanya ukawa mwembamba, viwimbi vitokavyo upande wa pili huwa nusu duara, kama vile jiwe dogo limeangushwa papo hapo mwanyani.

Wakazi wa Pwani huliona jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe wenye milango ya kupitia vyombo. Wimbi la bahari kuu linaloingia katika mlango wa namna hiyo halibaki na upana wa mlango, bali hutanuka kama upepeo linapoelekea ufuoni.

Huko, ni kweli, kina cha maji nacho husaidia kuligeuza wimbi, kwa kuwa mawimbi hupunguza kasi penye maji machache. Lakini mtandazo unaoanzia mlangoni ni kazi ya difraksheni, na wahandisi wa bandari hulazimika kuupigia hesabu kabla ya kujenga ukuta wa kukinga meli.

WALIOGUNDUA

Aliyelipa jambo hili jina ni Francesco Maria Grimaldi, kasisi Mjesuiti wa mji wa Bologna, Italia. Alipitisha mwanga wa jua katika kitundu kidogo mno akagundua kwamba kivuli cha kitu kilichowekwa mbele yake hakikuwa na ukingo mkali, na kando yake palikuwa na mistari ya rangi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1665, miaka miwili baada ya kifo chake.

Mwaka 1678, Mholanzi Christiaan Huygens alitoa wazo ambalo hutumiwa hadi leo. Alisema kila nukta iliyo mbele ya wimbi ni chanzo cha kiwimbi kipya, na wimbi zima ni jumla ya viwimbi hivyo.

Penye uwazi mkubwa, viwimbi vingi hujumlika na kusonga mbele pamoja, huku vile vinavyokwenda kando vikifutana kwa sababu kilele cha kimoja hukutana na bonde la kingine. Penye mwanya mwembamba, hubaki chanzo kimoja tu, na hakuna mwenzake wa kukifuta. Basi hutanda kotekote.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza Thomas Young alionyesha jinsi mianga miwili inavyoweza kujumlika na kufutana. Kisha mwaka 1818, Mfaransa Augustin Fresnel akawasilisha hesabu kamili ya difraksheni katika shindano la Chuo cha Sayansi cha Ufaransa.

Mmoja wa waamuzi, Siméon Denis Poisson, aliipinga hesabu hiyo. Alisema kwamba iwapo Fresnel alikuwa sahihi, basi katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo pangekuwa na nukta angavu, jambo aliloliona kuwa upuuzi. Mwenzake, François Arago, alifanya jaribio hilo na nukta ikaonekana papo hapo katikati ya giza. Fresnel alitunukiwa tuzo mwaka 1819.

SAUTI NA KICHOCHORO

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takribani mita 340 kwa sekunde. Kutokana na kasi hiyo, urefu wa mawimbi yake unaweza kukokotolewa bila taabu.

Mshindo wa besi wa hertz 50 una wimbi la karibu mita 7. Ule wa hertz 100 una mita 3.4. Sauti ya hertz 1,000, iliyo katikati ya usemi wa binadamu, ina sentimita 34. Sauti za juu zinazotofautisha herufi kama S, F na SH, ambazo hufika hertz 5,000 na zaidi, zina sentimita 7 au pungufu.

Sasa hesabu hizo zipelekwe katika kichochoro cha upana wa mita moja. Besi ya mita 3.4 ikifika mwisho wa kichochoro hicho huona uwazi mdogo kuliko wimbi lake, nayo husambaa pande zote. Mtu aliyejificha nyuma ya kona huisikia kama aliyesimama mbele.

Sauti ya hertz 1,000 hutoka katika uwazi huohuo ikiwa imejikusanya zaidi. Sehemu kubwa ya nguvu yake hubaki ndani ya nyuzi 20 kila upande wa mstari wa katikati. Ile ya hertz 3,000 hubanwa ndani ya nyuzi 7 hivi. Ndiyo maana maneno ya wimbo hupotea na mshindo ukabaki.

Difraksheni haifanyi kazi peke yake. Mabati huakisi sauti kutoka ukuta hadi ukuta, na bati lenyewe, ambalo kwa kawaida halifiki unene wa nusu milimita, huruhusu besi kulipita kwa kulitikisa. Sauti za juu nazo hufifishwa upesi na nguo, magodoro na hewa yenyewe. Mambo haya yote huelekea upande mmoja: hulisaidia zito na kuliangamiza jepesi.

UKUTA UNAFAA KITU?

Wengi hudhani kwamba suluhisho la kelele ni kuinua ukuta. Ukuta husaidia, lakini si kwa usawa. Sauti hufika ukingo wa juu wa ukuta, hupinda, kisha hushuka upande wa pili. Nyepesi hupinda kidogo, nzito hupinda sana.

Mwaka 1968, mtaalamu wa Kijapani Zyun-iti Maekawa alichapisha chati ambayo wahandisi wameitumia tangu wakati huo kukadiria faida ya ukuta. Huangaliwa ni umbali gani wa ziada ambao sauti hulazimika kusafiri ili kuruka ukuta, kisha umbali huo hulinganishwa na urefu wa wimbi.

Tuseme spika na msikilizaji wote wako kimo cha mita 1.5, kila mmoja mita 10 kutoka ukutani, na ukuta mzito usio na matundu una kimo cha mita 3.75. Umbali wa ziada ni nusu mita. Kwa hesabu hiyo, ukuta hupunguza sauti ya hertz 3,000 kwa takribani desibeli 22, ya hertz 1,000 kwa 18, lakini besi ya hertz 100 kwa desibeli 9 tu.

Desibeli ni kipimo chenye ngazi za pekee. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huzidishwa mara 10. Hivyo basi, ukuta unaopunguza desibeli 22 huacha nguvu isiyofika asilimia moja, ilhali ule unaopunguza 9 huacha karibu sehemu moja kwa nane.

Huo ni ukuta mzito wa kimo cha zaidi ya mita tatu na nusu. Ukuta wa bati wenye matundu na upenyo chini ya paa hauwezi kufikia kiwango hicho, na katika ploti zilizobanana hakuna nafasi ya kujenga ule mwingine.

SHERIA NA KIPIMO

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotungwa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, ambazo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), ziliweka viwango vya juu. Nje ya nyumba katika eneo la makazi, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Katika eneo lenye makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mukuru, ni 55 mchana na 35 usiku.

Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele. Novemba 2022, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyomo katika maeneo ya makazi, baada ya malalamishi ya wakazi kuzidi.

Ugumu wa kutimiza viwango hivyo waweza kuonekana kwa mfano wa hesabu. Spika inayotoa desibeli 95 kwa umbali wa mita moja, mahali pa wazi, hupoteza desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kwa umbali wa mita 32, sauti ingali desibeli 65. Ili ishuke hadi 35 kwa umbali peke yake, ingehitaji kusafiri karibu kilomita moja.

Kilomita moja katika Mukuru ni maelfu ya vyumba. Mwaka 2017, Kaunti ya Nairobi ilipoutangaza ukanda wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, kaya zilizokadiriwa humo zilikuwa takribani 100,000.

Zaidi ya hayo, kuna jambo la kiufundi ambalo mlalamishi anafaa kulifahamu. Viwango vya kanuni hizo hupimwa kwa desibeli za kichujio A, ambacho huiga sikio la binadamu kwa kupunguza thamani ya sauti nzito. Mshindo wa hertz 100 hupunguziwa desibeli 19, na ule wa hertz 63 hupunguziwa 26.

Kichujio hicho kina mantiki yake, kwa kuwa sikio kweli halisikii besi hafifu vizuri. Lakini matokeo yake ni kwamba sehemu ya muziki inayokata kona, kuruka ukuta na kutikisa bati ndiyo ambayo kipimo huihesabu kwa uchache zaidi. Mkazi anaweza kukosa usingizi huku mashine ikionyesha kiasi kisichotisha.

Madhara yenyewe si ya kubuni. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele isizidi desibeli 30 katika chumba cha kulala na 35 katika darasa wakati wa masomo. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa kitaifa katika chumba cha futi 10 kwa 10 ndiye anayeumia kwanza.

Kwa upande mwingine, ukumbi wa burudani na kanisa la mtaani vina watu wavitegemeao kwa riziki na faraja. Kwa sababu hiyo, suluhu inayodumu haipatikani kwa amri tu, bali pia kwa kujua ni sehemu gani ya sauti inayosumbua.

REDIO NYUMA YA NYUMBA MIA

Tabia hiyohiyo inayomkosesha mkazi usingizi ndiyo inayomletea habari. Ruben FM, redio ya jamii inayotangaza kutoka Kituo cha Reuben mtaani humo, hutumia masafa ya 99.9 FM, yaani megahertz 99.9.

Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Ikigawanywa kwa marudio hayo, urefu wa wimbi la Ruben FM huwa mita 3 kamili, kipimo kinachokaribia kabisa upana wa chumba cha kawaida cha futi 10.

Kwa wimbi la ukubwa huo, nyumba ya mabati si mlima. Hupinda juu ya paa, hushukia kichochoroni, na kumfikia msikilizaji ambaye hauoni mnara. Iwapo redio hiyo ingetumia mawimbi ya sentimita chache, kila safu ya nyumba ingemwekea aliye nyuma yake kivuli kizito.

Lakini mbele ya kilima kikubwa, wimbi la mita 3 nalo huwa fupi. Hapo ndipo masafa ya kati ya zamani yanapolishinda, kwa kuwa stesheni ya kilohertz 1,000 ina wimbi la mita 300 linalofuata mabonde na vilima bila taabu.

Masafa ya 99.9 yametumiwa pia na redio nyingine za jamii Nairobi, zikiwemo Koch FM ya Korogocho, iliyoanza mwaka 2006, na Pamoja FM ya Kibera, iliyoanza mwaka 2007. Inawezekana kwa sababu mitambo yake ni ya nguvu ndogo na mitaa hiyo imetengana, hivyo wimbi la mmoja hufifia kabla ya kuvamia eneo la mwenzake.

Umuhimu wa redio inayofika nyuma ya kila kona huonekana wakati wa maafa. Mvua kubwa ya Aprili na Mei 2024 iliufurisha Mto Ngong na maji yakaingia katika nyumba za Mukuru. Umeme unapokatika na simu kuishiwa na chaji, redio ndogo ya betri huwa njia ya mwisho ya kupata onyo.

Ndani ya chumba, hata hivyo, hali ni tofauti. Bati huzuia mawimbi ya redio, na upenyo ulio mdogo sana kuliko nusu ya urefu wa wimbi hupitisha nguvu kidogo mno. Ndiyo maana redio hunasa vyema zaidi inaposogezwa karibu na mlango au dirisha, au waya wake unapotolewa nje.

Simu za mkononi hufuata kanuni hiyohiyo kwa vipimo vingine. Masafa ya megahertz 900 yana wimbi la sentimita 33, na yale ya 1,800 yana sentimita 17. Mawimbi haya huweza kuingia kwa dirisha dogo, lakini hupinda kidogo kuliko ya FM. Masafa ya chini hukata kona vizuri zaidi. Ya juu hubeba data nyingi lakini huhitaji minara iliyokaribiana.

MWANGA NA TUNDU LA MSUMARI

Mwanga nao ni wimbi, lakini fupi ajabu. Urefu wake ni kati ya sehemu 400 na 700 za milioni ya milimita. Kwa wimbi la namna hiyo, kichochoro, mlango na hata tundu la msumari ni uwazi mpana mno.

Tundu la milimita 3 katika bati la paa huangusha sakafuni kiduara cha mwanga. Kama bati liko mita 2.5 juu ya sakafu, kiduara hicho huwa na upana wa karibu sentimita 2 na nusu. Mtu angedhani kwamba huo ndio mtandazo wa difraksheni, lakini sivyo.

Mtandazo wa difraksheni kwa tundu hilo haufiki nusu milimita. Upana uliobaki unatokana na jua lenyewe, ambalo si nukta bali ni duara lenye upana wa nusu nyuzi angani. Kiduara cha sakafuni ni picha ya jua. Jua lilipopatwa mnamo Novemba 3, 2013, na kuonekana Nairobi likiwa limemegwa, matundu kama hayo yangeweza kuangusha sakafuni picha ya jua lililomegwa vilevile.

Ili difraksheni ya mwanga ionekane, panahitajika nafasi ndogo kweli. Sahani ya CD ni mfano ulio karibu: mistari yake imeachana kwa sehemu 1.6 za elfu ya milimita, nayo huutawanya mwanga kwa rangi za upinde wa mvua.

Miali ya eksirei ni mifupi zaidi hata ya mwanga, na kwayo mapengo yafaayo ni yale yaliyo kati ya atomu. Max von Laue na wenzake walilithibitisha hilo nchini Ujerumani mwaka 1912. Mwaka 1952, katika maabara ya Rosalind Franklin mjini London, picha ya difraksheni ya eksirei ilisaidia kufichua umbo la DNA.

LA KUFANYA

Kutokana na maelezo haya, wamiliki wa kumbi, viongozi wa makanisa na wakazi wanaweza kuafikiana juu ya hatua kadhaa zisizo na gharama kubwa.

Kwanza, kinachopunguzwa kwanza usiku kiwe besi. Sauti ya mwimbaji haifiki mbali vichochoroni. Mshindo ndio unaofika. Spika kubwa ya besi isiwekwe kwenye pembe ya kuta mbili, kwa maana pembe huongeza nguvu ya sauti nzito.

Pili, spika ndogo kadhaa zilizo karibu na wasikilizaji ni bora kuliko spika moja kubwa iliyo mbali, kwa kuwa kila mmoja husikia vyema bila kelele kupandishwa.

Tatu, spika zisielekezwe mlangoni wala katika mdomo wa kichochoro. Hatua hii husaidia hasa kwa sauti za kati na za juu, ambazo hufuata mwelekeo.

Nne, kizuizi chochote kiwekwe karibu na spika au karibu na msikilizaji badala ya katikati, kwani hapo sauti hulazimika kupinda zaidi ili kukiruka. Kiwe kizito na kisicho na matundu.

Tano, mkazi asizibe kila upenyo wa chumba kwa ajili ya kelele. Katika chumba kinachopikiwa kwa jiko la makaa au la mafuta taa, upenyo huo ndio unaotoa hewa yenye sumu, na kuuziba ni kuhatarisha maisha.

Mlalamishi naye anapofika NEMA au katika afisi za kaunti, aeleze saa, umbali na aina ya sauti inayomsumbua. Akitaja kwamba ni mshindo mzito unaosikika huku milango imefungwa, afisa mwenye kipimo anaweza kuombwa apime hata bila kichujio A, ili ukweli wote uonekane.

Ukuta ni rahisi kuuona na mshindo hauonekani. Lakini katika mtaa ambao jirani yuko upande wa pili wa bati, anayejua urefu wa wimbi anajua pia mahali ambapo uungwana wake unapaswa kuanzia: kwenye kitufe cha besi.